Programu haijui kwa nini bibi hakuweza kukaa kitini

Wiki iliyopita nimepigiwa simu ile ile tena. Mwenzetu mmoja amenunua ambulensi mbili hapa Marekani, anataka kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, na swali lake la kwanza likawa: "Dada, nitajie programu inayofanya Medicare ilipe." Alimaanisha programu ya tableti ya kuandikia ripoti za safari; Medicare ni bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee. Bili za ambulensi nimezishughulikia miaka kumi na moja sasa, na swali hilo limenichosha. Programu ya namna hiyo haipo. Medicare inalipia kile ambacho mhudumu alikiona kwa macho yake na akakiandika.

Faida za programu zipo, nizipitie upesi. Saa ya simu kuingia, gari kuondoka na kufika zinatoka moja kwa moja kituo kinachotuma magari, hakuna wa kuzikisia. Maili zinazolipwa ni zile tu mgonjwa akiwa ndani, tena kwa safari isiyozidi maili 100 zinaandikwa hadi sehemu ya kumi ya maili. Msimbo wa posta wa pale alipochukuliwa unaingia katika hesabu ya malipo, nao sasa hausomwi kwenye karatasi iliyolowa mvua. Mgonjwa asipoweza kusaini, programu nzuri inakataa kufunga ripoti mpaka sababu iandikwe na wanaotakiwa wasaini. Data hiyo hiyo inakwenda jimboni kwa muundo wa NEMSIS, mfumo wa kitaifa wa data za huduma za dharura, bila kuchapwa upya. Na kwa kuwa Medicare haipokei dai lililopita mwaka mmoja tangu siku ya safari, ripoti kufika mezani kwangu usiku ule ule ni jambo kubwa. Hayo yote muuzaji atakueleza.

Hatakueleza habari ya kile kisanduku cha "mgonjwa wa kitandani".

Kwa safari isiyo ya dharura, maneno hayo kwa Medicare yana masharti matatu, na yote yatimie kwa pamoja: hawezi kuinuka kitandani bila msaada, hawezi kutembea, na hawezi kukaa kitini, hata kile cha magurudumu. Mawili hayatoshi. Mzee mliyemkuta kwenye kiti cha magurudumu anatazama televisheni, mkamhamishia kwenye machela, si mgonjwa wa kitandani hata mkibofya mara mia. Wala kisanduku hicho si njia pekee. Yuko mgonjwa anayeweza kukaa lakini hali yake ni ya hatari kiasi kwamba usafiri mwingine wowote ungemdhuru. Sasa hiyo hatari ielezwe! Hata cheti cha daktari cha kusema ambulensi inahitajika, ambacho kwa safari za kujirudia hakitakiwi kuwa na tarehe iliyopita siku 60 kabla ya safari, peke yake hakithibitishi kitu.

Nina mfano. Ripoti tatu za bibi mmoja, siku tatu tofauti, sentensi moja: "Amekutwa kitandani, amehamishwa salama, njiani hakukuwa na tatizo." Madai mawili yalikuwa yameshakataliwa. Nikampigia mhudumu. Akanijibu pale pale: "Bibi yule ana kidonda juu ya matako, kimechimba mpaka mfupani. Ukimkalisha analia. Goti la kushoto limekakamaa, halinyooki. Tunambeba wawili kwa shuka." Yote aliyajua. Tableti ilimpa kisanduku, akakibofya, akaendelea na safari nyingine. Nilimwomba aandike nyongeza yenye jina lake na tarehe ya siku anayoiandika, ripoti ya awali ibaki ilivyo.

Hapa nina wasiwasi ambao haujaniisha. Kumsaidia mhudumu aseme alichokiona na kumfundisha maneno yanayolipwa ni mambo mawili yaliyokaribiana mno. Ndiyo maana simpi sentensi, namuuliza tu, "Uliona nini?" Na ndiyo maana nazichukia programu zenye sentensi zilizotungwa tayari. Mkaguzi akisoma ripoti thelathini zinazofanana ana haki ya kushuku zote, hata ya yule bibi mwenye kidonda. Pia kila kisanduku cha lazima kujazwa tunachoongeza kinamtoa mhudumu macho kwa mgonjwa sekunde kadhaa, na mimi ni mmoja wa wanaoomba viongezwe.

Yule mwenzetu nimemwambia, kabla hajalipia programu yoyote, awakalishe wahudumu wake, kila mmoja amsimulie mgonjwa wake wa mwisho kwa mdomo, kisha wafungue ripoti yake waisome pamoja.

Juzi nimefungua ripoti mpya ya yule bibi. "Amelala ubavu wa kulia, mto kati ya magoti. Nilipoinua kichwa cha machela alilia akanishika mkono. Nikakishusha, tukaenda hivyo hivyo."