Mwezi, Bamvua na Samoni: Kinachomsogeza Samaki ni Maji

Kila msimu wa samoni, samaki anayezaliwa mtoni na kukulia baharini, unapokaribia, swali tunaloulizwa kuliko yote sisi tunaofundisha umma mambo ya uvuvi ni hili: niende mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga? Ni swali zuri, na wavuvi wameliuliza tangu zamani. Ila mimi huwa naomba tulianzie mahali pengine. Saa utakayotupa mshipi, maji yatakuwa yanaelekea wapi, na kwa nguvu gani? Mwezi unaingia hapo, kwa sababu ndio unaoyavuta maji.

Jua nalo huvuta bahari, lakini kwa kuwa liko mbali mno, nguvu yake ya kuyainua maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, dunia, mwezi na jua huwa karibu kwenye mstari mmoja, nguvu zote mbili zikasaidiana, na maji yakajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, basi kujaa kukawa kudogo na kupwa kudogo: maji mafu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, ndani yake mna bamvua mara mbili na maji mafu mara mbili.

Hapa pana kosa ninaloliona kila mwaka. Mtu anatazama juu, anaona mwezi umetimia, anaondoka usiku uleule. Kumbe katika pwani nyingi bamvua lenye nguvu zaidi huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Tena si mabamvua yote yanalingana. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Kuna wakati huwa umbali wa kilomita 363,000 hivi, na wakati mwingine hufika 405,000. Bamvua likiangukia siku za mwezi kuwa karibu, maji hupanda na kushuka kupita kawaida.

Jambo la pili ni saa. Maji kujaa leo saa 12 asubuhi maana yake kesho yatajaa karibu saa 12 na dakika 50, kwa sababu mwezi nao husogea angani wakati dunia inazunguka. Kwa hiyo mvuvi aliyepata samaki wengi Jumamosi saa fulani, akarudi Jumamosi inayofuata saa ileile, atakuta maji ya aina nyingine kabisa. Hakukosa bahati. Alifuata saa ya ukutani badala ya saa ya bahari.

Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mahali ambapo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, wanamaji hutumia hesabu rahisi ya mafungu 12. Tuseme tofauti ya maji kupwa na kujaa ni mita 6. Saa ya kwanza maji hupanda nusu mita tu. Saa ya pili, mita 1. Saa ya tatu na ya nne, mita 1 na nusu kila moja. Kisha hupungua: mita 1, halafu nusu mita, halafu maji yanasimama. Nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada inaivuruga, kwa kuwa kule kujaa kuwili kwa siku moja hakulingani. Lakini inamwonyesha mvuvi kitu muhimu: mkondo una kupamba moto na kupoa, na samoni anaujua mwendo huo kuliko sisi.

Samoni akiwa baharini ni mwindaji. Anafuata samaki wadogo waitwao heringi, vijisamaki vyembamba vinavyojifukia mchangani, ngisi wadogo na viumbe jamii ya kamba. Windo hilo halina nguvu ya kushindana na mkondo. Maji yakikimbia kupita rasi, upande wa nyuma wa rasi hujizungusha na kurudi, na pale maji yanayokimbia yanapokutana na yale yanayozunguka hutokea mstari. Ukiwa ndani ya mashua utauona waziwazi: upande mmoja maji yamekunjamana, upande wa pili yametulia kama mafuta, na katikati povu, majani yaliyokatika, labda manyoya ya ndege. Vijisamaki husukumwa hadi hapo vikakusanyika. Samoni hukaa ukingoni, ndani ya maji yasiyomchosha, akisubiri. Maji yakigeuka, mstari ule unahamia upande wa pili wa rasi, na samoni naye anahama. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuvua mahali pamoja siku moja, mmoja akasema pana samaki na mwenzake akasema hapana, na wote wawili wakawa wakweli.

Kwa hiyo bamvua ni zuri au baya? Bamvua huleta mkondo wenye nguvu na kukusanya windo, lakini mkondo ukizidi, chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, haliteremki, mshipi unalala, chambo kinapita juu ya vichwa vya samaki, na maji hujaa takataka za mwani. Maji mafu huwa na mkondo mpole, na kile kipindi cha maji kusimama huwa kirefu zaidi. Kwa anayekokota chambo nyuma ya boti kwenye mlango mwembamba wa bahari wenye mkondo mkali, ningemshauri siku za maji mafu, au ile saa moja kabla na moja baada ya maji kugeuka. Anayevua kwenye ghuba pana ambako maji hutembea polepole, bamvua linaweza kumfaa zaidi. Pwani iliyo mbele yako ndiyo itakayoamua.

Mambo hubadilika samoni anapoacha kula na kuanza safari ya kurudi mtoni alikozaliwa. Anarudi kwa kunusa. Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walionyesha kuanzia miaka ya 1950 kwamba samoni huikumbuka harufu ya maji ya kijito chake. Harufu hiyo hubebwa baharini na maji yanayopwa, na maji yanayojaa humsukuma samoni kuingia bila kutumia nguvu nyingi. Mlango wa mto ni mahali pa kungoja pia, kwani mwili wake lazima ujigeuze kutoka maji ya chumvi kwenda maji ya mto yasiyo na chumvi. Wavuvi wa mdomo wa mto Columbia, magharibi mwa Marekani, katika eneo linaloitwa Buoy 10 kwa jina la boya lililopo hapo, huyapanga mambo yao ya mwezi Agosti kwa maji kujaa, maana ndiyo yanayoleta samaki wapya kutoka baharini.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Uingereza, kwenye mlango wa mto Severn. Tofauti ya maji kupwa na kujaa pale inakaribia mita 14 katika bamvua kubwa, miongoni mwa tofauti kubwa zaidi duniani. Upande wa Wales, mahali paitwapo Black Rock, wapo wavuvi wachache wanaoendeleza uvuvi wa zamani wa kutumia wavu wa mkononi. Wavu umefungwa kwenye mikono miwili ya mti iliyopanuka kama panda, na mpini mmoja nyuma. Wanangoja bamvua, kwa sababu ni wakati huo tu maji hupwa vya kutosha kuwaruhusu kutembea hadi kwenye mikondo ya kina kifupi katikati ya miamba na mafungu ya mchanga. Mvuvi husimama ndani ya maji, wavu umeteremshwa mbele yake, vidole vimeshika matundu ya wavu ili ahisi samaki akigusa. Macho yanatafuta mkunjo juu ya maji, ule mfuo mwembamba anaouacha samoni anayeogelea karibu na uso. Akiuona, anakimbia kumkinga. Akimpata, ni mmoja. Muda wanaopewa na maji ni mfupi, halafu bahari inarudi, tena kwa kasi, na lazima wote wawe wameshatoka.

Tangu Januari 2020 sheria ya Wales inataka kila samoni anayevuliwa arudishwe majini akiwa hai. Mwaka 2023 samoni wa Atlantiki aliyeko Uingereza alitajwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nalitaja hili kwa uchungu. Watu waliojifunza bamvua kizazi baada ya kizazi bado wanalijua. Samaki ndiye anayepungua.

Sasa tazama upande wa pili. Bahari ya Baltiki karibu haina kujaa na kupwa. Tofauti ni sentimita chache. Hata hivyo samoni huingia kila kiangazi katika mto Torne, mpakani mwa Sweden na Finland, na katika miaka mizuri huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Vilevile samoni wa aina iitwayo koho waliopandikizwa katika Ziwa Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 1966 wanaishi katika maji yasiyo na bamvua la maana, nao wanavuliwa vizuri. Samoni anaweza kusafiri bila maji kujaa. Pale yalipo anayatumia. Pale yasipokuwapo anaongozwa na joto la maji, mvua, urefu wa siku na harufu ya mto.

Na hata penye bamvua, mto ukiwa umekauka na maji yake yana joto, samoni atabaki mlangoni hata kama mwezi umetimia. Joto likipita nyuzi 20 hivi, safari inakuwa hatari kwake. Mwaka 2015 samoni wengi sana wa aina iitwayo samoni wekundu walikufa katika mto Columbia kwa sababu ya maji yaliyopashwa na kiangazi kikali. Mvua moja nzuri huko juu mtoni inaweza kuwa na maana kuliko bamvua mbili.

Vipi kuhusu mwanga wa mwezi wenyewe? Mwezi mpevu una mwanga hafifu kuliko jua mara 400,000 hivi, lakini baharini mwanga huo unatosha kubadili tabia. Viumbe wadogo wanaopanda juu usiku kutafuta chakula, wengi hubaki chini zaidi usiku wa mbalamwezi, na wanaowala huwafuata. Wavuvi wengi husema asubuhi baada ya usiku mweupe samoni huwa mzito kushika chambo, kwa sababu amekula usiku kucha. Kwa mwindaji anayetumia macho, hoja hiyo ina mantiki, ila wingu moja nene au maji machafu huifuta. Mimi nachukulia mbalamwezi kama sababu ya kushusha chambo chini kidogo asubuhi, si sababu ya kubaki nyumbani.

Ushahidi wenye uzito zaidi wa mwezi kugusa mwili wa samoni unahusu wachanga. Mwaka 1981 watafiti walichapisha katika jarida la Science kwamba kwa samoni koho wadogo wanaojiandaa kushuka baharini, homoni ya thairoksini, inayohusika na maandalizi hayo, hupanda kileleni karibu na siku za mwezi mwandamo. Usiku wa kiza pia huwaficha na wanaowawinda.

Kuna kalenda zinazouzwa zikionyesha saa bora za kuvua kwa kufuata mwezi ulipo angani. Wazo hilo lilienezwa na Mmarekani John Alden Knight kuanzia mwaka 1926. Kalenda hizo huonekana kuwa kweli pwani kwa sababu maji nayo hufuata mwezi, kwa hiyo saa zake wakati mwingine hugongana na saa za mkondo. Lakini kati ya mwezi kufika utosini na maji kujaa pana pengo, na kila bandari ina pengo lake. Nunua kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe, na kama lipo, jedwali la mikondo pia, kwa kuwa katika milango myembamba mkondo huweza kuendelea kuingia muda mrefu baada ya maji kufika juu kabisa. Kisha weka daftari: tarehe, saa ya kujaa, upande wa mkondo, kina, samaki. Misimu miwili ya daftari lako itakufaa kuliko kalenda ya mtu asiyeijua pwani yako. Kumbuka pia kwamba jedwali halijui hali ya hewa. Upepo wa kuelekea pwani na kushuka kwa kanieneo ya hewa huinua maji kupita yaliyoandikwa.

Mwisho ni usalama, na hapa sina ulegevu. Mdomoni mwa mto, maji yanayopwa wakati wa bamvua yakikutana na mawimbi makubwa ya bahari, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Kwenye mdomo wa Columbia hali hiyo imezamisha vyombo vingi. Vuka maji yakiwa yamesimama au yakijaa, na vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka, si baada ya kuona wimbi. Ufukweni pia pana hatari. Katika Turnagain Arm, mkono wa bahari ulioko Alaska, maji yakipwa huacha uwanda mpana wa matope laini yaliyosagwa na barafu. Yanaonekana magumu, kisha mguu unazama na yanaukaza, na bahari hurudi kwa kasi. Ukiona matope yanatetemeka chini ya kiatu, usichukue hatua nyingine mbele: geuka, ukanyage alama za miguu yako mwenyewe hadi kwenye mawe.