BTU kwenye AC ya gari ya kulala: namba hiyo inasema nini

BTU ni kipimo cha joto. BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Ni kitu kidogo sana, karibu sawa na joto la njiti ya kiberiti ikiachwa iungue mpaka mwisho. Kwenye AC namba hiyo husomwa kwa saa: AC ya BTU 9,000 ina uwezo wa kuchota joto la kiasi hicho ndani na kulitupa nje kila saa moja.

Madukani kwetu Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, mara nyingi utaambiwa tu "hii HP moja", na muuzaji anakusudia 9,000. HP moja na nusu ni 12,000. Kibati cha pembeni nacho kinaweza kuandikwa kilowati 3.5, na hiyo pia ni 12,000, kwa sababu kilowati moja ni sawa na BTU 3,412 kwa saa. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Zile kilowati 3.5 ni joto linaloondolewa chumbani. Umeme unaoliwa umeandikwa mstari mwingine, na kwa AC ya ukubwa huo huwa kilowati moja na kidogo. Mwenye gari asiyejua tofauti hiyo atanunua betri mara tatu ya anazohitaji, au atavunjika moyo asifunge AC kabisa.

Sasa gari yenyewe. Tuseme mtu kang'oa viti vya Hiace, katia godoro na kabati, anataka kulaza wageni wawili upande wa Paje au Makunduchi. Atahitaji BTU ngapi? Kanuni inayozunguka mitandaoni, ya BTU 20 kwa kila futi ya mraba, ni ya nyumba za Marekani. Ukiitia kwenye Hiace, ambayo sehemu yake ya kulala haifiki mita sita za mraba, utapata elfu moja na kidogo. Ni namba ya kuchekesha. Hao hao Wamarekani, kwenye nyumba zao za magurudumu, hufunga juu ya paa AC za 13,500 au 15,000. Wanajua kwamba bati na vioo havizuii joto kama ukuta na dari.

Saa saba mchana, mwezi wa Februari, anga ikiwa safi, jua linamwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa jeusi linameza sehemu kubwa ya joto hilo, jeupe linarudisha sehemu kubwa. Usiku hali ni nyingine kabisa: kinachobaki ni hewa ya nje na miili ya watu, na mtu aliyelala hutoa BTU mia mbili na kitu mpaka mia tatu kwa saa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize unaitaka AC saa ngapi. Kwa kulala, AC ya BTU 5,000 inatosha Hiace iliyotandikwa sponji ya kuzuia joto darini na ubavuni na kuwekwa pazia nene kwenye vioo. Kwa kukaa ndani juani saa saba, hata 9,000 itahangaika. Mimi ningechagua ya usiku, na mchana ningeegesha chini ya mivinje. Mgeni aliyekuja Paje saa hizo yuko baharini.

Kishawishi ni kuchukua kubwa kabisa, yaishe. Huku kwetu hilo lina adhabu yake, na adhabu hiyo ni fukuto. Hewa ya Unguja na Pemba imejaa maji, hasa masika, na AC ina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Inakausha pale hewa inapopita kwenye koili baridi, mvuke ukageuka matone na kutiririka nje kwa bomba dogo. Chungulia chini ya gari: AC inayofanya kazi vizuri usiku wa masika inadondosha maji bila kuchoka. Ukifunga ya 12,000 kwenye kibanda kidogo hivyo, inafika digrii 24 kwa dakika chache, kompresa inazima, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi kuwa mvuke humo humo ndani. Rimoti inaonyesha 24 na shuka bado linanata mwilini. Ndiyo maana ndogo inayofanya kazi muda mrefu inalaza watu vizuri kuliko kubwa ya kuwaka na kuzima. Yenye kompresa ya inverta inapunguza tatizo hili, kwani hupunguza mwendo badala ya kuzima. Na tukumbuke, mashine aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn ilikusudiwa kwanza kudhibiti unyevu, maana karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa na rangi haziangukii mahali pake.

Kwa sababu hiyo hiyo, feni za maji zinazouzwa kama AC za bei nafuu ziache. Zinaongeza mvuke kwenye hewa ambayo tayari imeshiba. AC ya kusukuma yenye bomba moja la kutolea joto nayo ina kasoro: inatupa nje hewa ya ndani, na hewa mbichi yenye joto inaingia kwa kila upenyo wa mlango. Ukikuta katoni yake ina namba mbili za BTU, amini ile ndogo.

Umeme. Gawa BTU kwa wati zinazoliwa: ukipata 10 au zaidi, si mbaya. AC ya BTU 5,000 ya namna hiyo inakula wati 500. Ikifanya kazi kwa muda wa saa nane za usiku, kompresa ikipumzika nusu ya muda, ni yuniti mbili. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba kama yuniti mbili na nusu, kwa hiyo inafika alfajiri. Betri ya asidi ya ukubwa huo usiitegemee zaidi ya nusu yake. Ukiongeza BTU mara mbili, betri, inverta ya kugeuza umeme wa betri na sola navyo vinapanda, na fedha inaishia huko, si kwenye AC.

Karibu na bahari, chumvi inakula mapezi ya kondensa, ile koili inayotupa joto nje, haraka, basi suuza kwa maji ya kisima au ya bomba mara kwa mara. Na ukinunua mtumba, soma volti kwanza. AC ya paa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 115 na hezi 60, za Japani nyingi zinataka volti 100. Soketi inayolishwa na ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ni volti 230, hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, fundi atakuuzia kompresa nyingine.