Majivu ya Kichomea Taka si Majivu ya Jikoni

Majivu tumeyazoea: huyamwaga chooni kupunguza harufu, huyachanganya na mahindi ghalani na huyatandaza kwenye tuta la mchicha. Kwa majivu ya kuni mazoea hayo hayana ubaya, lakini ndiyo yanayomfanya mtu ashangae anapokatazwa kuchukua ndoo moja tu kutoka kichomea taka cha hospitali.

Moto huteketeza vijidudu, pamba na plastiki, ila metali haiteketei. Metali zenye sumu kama risasi (ile ya betri za gari) na kadimiamu zilizokuwamo kwenye betri, rangi na plastiki hubaki, na klorini inayotoka kwenye mipira ya dripu iliyotengenezwa kwa PVC, plastiki yenye klorini, huzigeuza kuwa chumvi ambazo hupaa kwa joto, kisha moshi unapopoa huganda juu ya vumbi laini. Ndiyo maana katika mitambo yenye vichujio, vumbi linalonaswa kwenye moshi huwa na sumu kali kuliko majivu mazito ya chini ya tanuri, na si busara kuyaweka pipa moja.

Ili metali hizo zisiyeyuke na kuingia kwenye maji, dawa inayokimbiliwa ni chokaa, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba ikizidi, usalama nao unazidi. Risasi huyeyuka katika maji yenye asidi, hutulia pH (kipimo cha asidi na alkali, ambacho katikati yake ni 7) ikiwa karibu 9 au 10, lakini ikipita 12 huanza kuyeyuka upya. Vumbi la mitambo inayosafisha moshi kwa chokaa mara nyingi limekwisha kufika huko, kwa hiyo kuliongezea chokaa ni kuifungulia risasi mlango. Bora kutumia fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi, ambayo hufungamana na risasi ikawa madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Kisiwani Langøya, nchini Norwe, vumbi la aina hii lilichanganywa na asidi ya salfuriki iliyokuwa taka ya kiwandani, likageuzwa kuwa jasi (gypsum).

Njia nyingine ni kufungia majivu ndani ya tofali la saruji, nayo ina masharti yake. Zinki huichelewesha saruji kushika na chumvi nyingi huivuruga, hivyo vumbi huoshwa kwanza, na maji ya kuoshea nayo sharti yatibiwe. Vifuniko vya alumini vya vichupa vya chanjo, ambavyo hakuna anayevifikiria, vikikutana na maji ya saruji hutoa gesi ya haidrojeni: tofali lililokuwa zima jioni hukutwa asubuhi limevimba na kupasuka. Vichambuliwe kwa chekeche kabla ya kuchanganya, na kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto.

Tofali gumu bado si ushahidi kwamba sumu imefungwa. Kipimo ni kulisaga, kutia gramu 100 katika lita 1 ya maji, kutikisa kwa saa 24, kuchuja na kupima metali zilizomo kwenye maji hayo. Majibu yakisubiriwa, shehena yote ikae pakavu, kwenye shimo la zege lenye mfuniko.