Mhuri pekee hauthibitishi hati

Tangu tuanze kampeni ya kuhakiki hati za zamani, wengi wanafika kaunta wakiamini kwamba karatasi ikichakaa na kuwa na mhuri, basi ni ya kweli. Sivyo. Hoja ya kupinga imani hiyo iliandikwa kikamilifu nchini Italia mwaka 1440 na Lorenzo Valla, mwanafalsafa wa zama za Mwamko (Renaissance), Ulaya ilipofufua elimu ya kale.

Kwa karne nyingi Kanisa lilikuwa na hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa Silvester mamlaka juu ya Roma na nchi zote za magharibi. Valla aliisoma neno kwa neno. Akakuta "satrapi" wametajwa miongoni mwa wakuu wa Roma. Satrapi ni liwali wa Uajemi! Akauliza: Warumi walikuwa nao lini? Mbele kidogo, Konstantinopoli inaitwa kiti cha patriaki (askofu wa ngazi ya juu kabisa), ilhali hati hiyohiyo inasema mji wenyewe ndiyo kwanza unakusudiwa kujengwa. Kilatini chake nacho si cha karne ya 4, zama za Konstantino. Leo wataalamu wanakubaliana kuwa iliandikwa takriban karne ya 8.

Wapo wanaoshikilia kwamba Valla alikuwa adui wa dini. Tafadhali tuliache hilo: alikuwa padri, na baadaye aliajiriwa na mapapa wenyewe. Ni kweli alikuwa akimtumikia Mfalme Alfonso wa Aragon, aliyekuwa na ugomvi na Papa Eugenius IV kuhusu Napoli. Maslahi ya mwajiri yanatakiwa kujulikana, lakini hayakuwaweka satrapi ndani ya hati.

Kwa utaratibu wetu, leta hati halisi, si picha ya kwenye simu. Jaza fomu ukieleza ilipatikana wapi na imepita mikononi mwa nani. Usiilaminishe, usiigundishe kwa gundi ya plastiki. Zingatia pia kwamba kughushi ni kosa, na kuwasilisha hati huku ukijua imeghushiwa ni kosa jingine linalojitegemea, hata kama hukuiandika wewe.

Ukirudishiwa hati kwa maelezo kwamba lugha yake hailingani na tarehe yake, usibishane na karani kuhusu mhuri. Tafuta hati nyingine ya mwaka huo, ya ofisi hiyohiyo, uilete tuzilinganishe.