Riwaya za Ucheshi za Uingereza na Wakutubi Wake: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoota mizizi, hata miongoni mwa wasomi wa fasihi, ni kwamba riwaya ya kuchekesha haihitaji utafiti, kwa kuwa mwandishi wake aliiandika kwa urahisi ule ule anaouona msomaji. Ukweli ni kinyume kabisa. P. G. Wodehouse (1881–1975), aliyeacha vitabu zaidi ya 90, alieleza kwamba aliandika takribani kurasa 400 za maandalizi kabla ya kuanza riwaya yenyewe, kwani mkasa wa wachumba wanaogombana na vyombo vya fedha vinavyoibwa huporomoka tukio moja tu likikaa mahali pasipo pake. Kingsley Amis naye aliiandika upya Lucky Jim (1954) akisaidiwa na rafiki yake Philip Larkin, aliyemshauri nini cha kukata, na ambaye ndiye aliyetabarukiwa kitabu hicho.

Wengine hudhani kwamba toleo lolote linatosha, jambo ambalo kwa maoni yangu limeharibu makala nyingi zenye nia njema. Riwaya ya Wodehouse iliyotoka London mwaka 1934 kwa jina la Right Ho, Jeeves ilitoka Marekani mwaka huo huo ikiitwa Brinkley Manor, baada ya kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la Saturday Evening Post. Kwa mwandishi aliyechapishwa pande zote mbili za Atlantiki namna hii, mtafiti hawezi kuijua njia ya matini bila bibliografia ya kina, yaani orodha ya matoleo yote ya vitabu vyake. Bibliografia ya Wodehouse ya mwaka 1990 iliongozwa na Eileen McIlvaine, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Columbia, na ninaihesabu kuwa kazi ya kitaaluma kamili, si orodha ya karani.

Hapo ndipo inapoanguka dhana ya tatu, kwamba mkutubi mkuu wa chuo kikuu ni mtunza funguo tu. Larkin, ambaye wengi humjua kama mshairi pekee, aliiongoza maktaba ya Chuo Kikuu cha Hull tangu 1955 hadi kifo chake mwaka 1985, akasimamia ujenzi wa jengo lake jipya kwa awamu mbili, na katika miaka ya 1970 akaongoza kamati ya kitaifa iliyohimiza miswada ya waandishi walio hai inunuliwe na maktaba za Uingereza. Alisikitishwa kuona vyuo vya Marekani vikiinunua mapema huku vya nyumbani vikiipuuza. Hofu yake ilikuwa na msingi: leo barua ambazo Amis alimwandikia zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, ilhali mkusanyo mkubwa wa karatasi za Amis mwenyewe uko katika maktaba ya Huntington, California.