Mozart hakuwaonea wapiga tarumbeta

Mwezi huu wanafunzi watatu wameniuliza: "Mwalimu, mbona tarumbeta ya Mozart ni do na sol tu? Hakujua kutuandikia?" Alijua sana. Chombo chenyewe ndicho kilikuwa kingine.

Tarumbeta na honi za okestra za enzi ile hazikuwa na valvu, yaani vile vitufe vya kubonyeza vinavyobadili urefu wa bomba. Valvu zilipewa hataza Berlin mwaka 1818, na Mozart alifariki 1791. Shika tarumbeta yako, usibonyeze kitu, puliza: do, sol, do, mi, sol. Hizo ndizo noti ambazo bomba hutoa lenyewe. Ngazi kamili huipati mpaka upande juu sana, ambako midomo huchoka upesi. Wanafunzi wangu wote huanza mazoezi kwa dakika kumi za namna hiyo, na hakuna anayesamehewa.

Mpiga honi alikuwa na nafuu kidogo. Alibadili kipande cha bomba kupata ufunguo mwingine, tena aliingiza mkono kwenye mdomo mpana wa honi, sauti inakotokea, kutafuta noti zilizokosekana, ingawa zilitoka zimefifia.

Watunzi waliyapangia mapengo hayo. Simfoni namba 40 ya Mozart (1788) iko G maina. Akaweka honi moja ya G na nyingine ya B fleti, ili noti inayokosekana huku ipatikane kule. Katika Simfoni ya Tano ya Beethoven (1808), mwito unaotangulia melodia ya pili hupigwa na honi za E fleti. Unaporudi katika C meja, Beethoven akaukabidhi kwa mabasuni (zumari kubwa za sauti nzito), maana honi zile hazikuufikia vizuri. Waongozaji wengine leo huwarudishia wapiga honi. Mimi nasema wauache kwa mabasuni!

"Na konseto ya tarumbeta ya Haydn ya 1796, mbona ina noti zote?" Aliiandika kwa ajili ya mpiga tarumbeta Anton Weidinger, ambaye tarumbeta yake ilitobolewa matundu yenye vifuniko. Hizo si valvu.

Wengine hudhani Beethoven ndiye aliyeleta trombone, ile ya bomba la kuvuta. Sivyo: ilikuwa kanisani na kwenye opera zamani, na imo katika Don Giovanni, opera ya Mozart ya 1787. Klarineti nayo haikuwapo kila mahali. Mozart aliiongeza kwenye namba 40 baadaye. Na mwongozaji mwenye kijiti mtaacha lini kumtafuta kwenye okestra za enzi ile? London mwaka 1791 Haydn alikaa kwenye kinanda, mpiga fidla Salomon akaongoza kwa fidla yake.