Death Bell: muuaji si mzimu, na hofu yake ni ya mtihani

Ukiitaja Death Bell, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2008, aghalabu utajibiwa, "Aa, ile ya mizimu shuleni." Siyo.

Najua kosa hili linatoka wapi. Mwaka 1998 ilitoka Whispering Corridors, ikaanzisha mfululizo uliofika filamu sita, zote za mauzauza katika shule za wasichana. Tangu hapo, mtu akiona sare na korido yenye giza hungoja binti wa nywele ndefu atokee. Death Bell inaitumia tabia hiyo kutuzuga: kuna njozi, kuna marehemu anayekumbukwa. Lakini muuaji ni binadamu, na ana kisa chake. Simtaji, wapo ambao hawajaitazama.

Jina lake la Kikorea, Gosa, maana yake ni mtihani, na hapo ndipo hofu yote ilipo. Wanafunzi vinara wamebakizwa shuleni kwa masomo ya ziada. Ghafla televisheni ya darasani inawaka: mwenzao amefungiwa ndani ya tangi la kioo, na maji yanapanda. Sauti kwenye spika inawapa swali. Wakilipata kwa wakati, atapona. Vichwa vya shule nzima vinakokotoa huku mikono ikitetemeka, na maji hayasubiri. Baadaye wanang'amua kwamba wanachukuliwa kwa kufuata nafasi zao darasani. Kushika namba ya kwanza, jambo ambalo mzazi angelichinjia mbuzi, kumegeuka hukumu ya kifo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema ni nakala tu ya filamu za Kimarekani. Mitego yake inafanana na ya Saw, sibishi. Na muuaji anayewawinda vijana mmoja mmoja hakuwa mgeni Korea. Bloody Beach na The Record zilishatoka mwaka 2000. Lakini kinachoisukuma hadithi hii ni cha Wakorea wenyewe. Kila Novemba wanafunzi wao hufanya Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi, polisi huwakimbiza waliochelewa hadi kwenye vituo vya mtihani, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala hazitui. Nchi inayozuia ndege kwa ajili ya mtihani haina haja ya kuazima hofu Hollywood.

Lingine ninalolisikia ni kwamba ilifeli kwa sababu wahakiki waliiponda. Kupondwa, ilipondwa kweli. Ila ilitoka Agosti, msimu wa joto ambao Wakorea huuhusisha na filamu za kutisha, ikauza tiketi zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2010 ikapata sehemu ya pili. Kwa Yoon Hong-seung, mwongozaji aliyetokea kwenye video za muziki na hii ikiwa filamu yake ya kwanza, huko si kufeli hata kidogo. Nam Gyu-ri, aliyeigiza humo akiwa wakati huo mwimbaji wa kundi la SeeYa, bila shaka alivuta mashabiki wake. Lakini mashabiki wa mwimbaji mmoja hawatoshi kujaza kumbi kiasi hicho. Naamini vijana walijiona mle ndani.

Kasoro zipo. Mwishoni maelezo yanamwagwa kwa pupa, na maswali yanapita mbio kiasi kwamba mtazamaji hapati nafasi ya kujaribu naye. Mimi nililazimika kusimamisha picha pale kwenye tangi, nikachukua kalamu. Sikufika mbali. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alinishika mkono: "Mjomba, iachie iendelee." Hakuweza kuvumilia kumwona yule msichana ameganda vile, maji yamemfika kidevuni.